Swali la Mtoto, Mpaka wa Mzazi: Kumfundisha Mwanao Nyumbani Shinyanga na Geita

Mtoto anayekulia Katoro, Nyarugusu au pembezoni mwa Kahama huona mengi kabla hajajua kusoma. Anaona karasha likisaga mawe. Anaona mizani ndogo ya dhahabu. Anaona vijana wakirudi mjini na pikipiki mpya, na wengine wakirudi na vumbi mwilini bila hata nauli. Mwenzake wa Kishapu au Ushetu anaona pamba ikipimwa, majaruba ya mpunga yakijaa maji na ng'ombe wakiswagwa kwenda lamboni. Wote wawili wanauliza maswali kutwa nzima, na maswali hayo ndiyo mtaji wa kwanza wa elimu ya nyumbani.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi yeyote, awe amefika chuo kikuu au ameishia darasa la saba. Si lazima uwe na chumba maalumu wala ubao. Unachohitaji ni kujua yapi uamue wewe na yapi umwachie mtoto. Katika ukanda huu wa dhahabu jambo hilo lina uzito wake, kwa sababu kinachomvuta mtoto mara nyingi ni pesa, na pesa hujifanya udadisi. Mzazi asiyetenganisha vitu hivyo viwili atadhani anamfuata mtoto, kumbe wote wawili wanafuata machimbo.

Nyumbani pamoja na shule

Tuanze na sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shule ya msingi anapofikia umri, na ahakikishe anahudhuria hadi amalize. Januari 2016 serikali iliondoa ada katika shule zake, kuanzia awali na msingi hadi kidato cha nne. Kwa hiyo, kwa familia nyingi za hapa, kumfundisha mtoto nyumbani kunakwenda sambamba na shule: miaka ya kabla ya darasa la kwanza, jioni, Jumamosi, na likizo ndefu za Juni na Desemba.

Ukihesabu, saa hizo ni nyingi. Tena ni saa ambazo mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kuzipata na mwanao peke yake.

Kama mtoto alikwishaacha shule, au hakuwahi kuandikishwa, usidhani umechelewa. Nenda shule ya msingi iliyo karibu ukaulize darasa la MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Muulize pia afisa elimu kata. Hayo ya nyumbani yataendelea palepale.

Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alilalamikia shule iliyomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni au kwa wasomi, na kwamba wazazi wake hawana la kumfundisha. Malalamiko hayo bado yana nguvu. Bibi anayejua mbegu ipi ya mtama inahimili ukame ni mwalimu. Fundi bomba ni mwalimu. Nawe ni mwalimu, ukikubali kazi hiyo.

Gawaneni madaraka

Wasukuma wana utaratibu wa ngitili, na sioni mfano unaofaa zaidi kwa malezi. Mvua zinapoanza, kipande cha malisho hufungwa ili mifugo isiingie. Nyasi hukua, na visiki vilivyo hai ardhini huchipua vyenyewe bila mtu kupanda mche. Kiangazi kikikaza, hufunguliwa kwa utaratibu. Mpango wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986, katika mkoa ambao ulikuwa umefyekwa ukabaki mtupu, ngitili ndiyo iliyokuwa mhimili wa kurudisha miti. Mwenye ngitili ana kazi mbili: kulinda mpaka, na kuacha kilichomo kichipue kwa namna yake. Akiacha mpaka, mifugo inamaliza kila kitu. Akiingia kila siku kuvuta majani yarefuke, ameharibu pia.

Mpaka unaoulinda wewe una mambo manne:

1. Usalama wa mwili wa mtoto.
2. Kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK.
3. Adabu: salamu, ukweli, kuheshimu wakubwa na kutowadharau wadogo.
4. Usingizi, chakula na muda wa shule.

Haya hayapigiwi kura. Mtoto anaweza kuuliza sababu, nawe umpe sababu, lakini uamuzi ni wako.

Ndani ya mpaka huo mwachie mtoto mambo haya: anataka kujua nini, aanzie wapi, atumie kifaa gani, achukue muda gani, na amsimulie nani alichokigundua. Ukimwona anarudia jambo lilelile siku tano, mwache. Kurudia ndiko kujifunza kwake. Maria Montessori, daktari wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, alijenga mbinu nzima juu ya hilo: mazingira yaliyopangwa na mtu mzima, kisha uhuru wa mtoto kuchagua kazi humo ndani.

Ni udadisi au ni pesa?

Mwanao wa miaka kumi anakuambia: "Baba, nataka nikajifunze kazi ya karasha." Usikubali kwa furaha, wala usimfokee. Pima kwanza kwa maswali matatu.

*Anauliza nini?* Mdadisi atauliza: jiwe linasagwaje, kwa nini maji yanamwagwa, dhahabu inabaki wapi. Aliyevutwa na pesa atauliza: wanalipa ngapi kwa siku.

*Angeendelea bila malipo?* Mwambie utamletea mawe ya aina tatu, ayaponde na kuyalinganisha hapo uani. Akichangamka, ana shauku. Akinuna, alitaka ujira.

*Nani anafaidika?* Kama kuna mtu mzima anayemwita akabebe mawe au akachekeche mchanga, wazo hilo si la mtoto, hata likitoka kinywani mwake.

Ukigundua ni pesa, zungumza naye kuhusu pesa. Pengine anaona nyumbani kuna shida, anataka kusaidia. Msifu kwa moyo huo, umweleze hali ya nyumba kwa kiasi cha umri wake, na umwambie wazi kwamba kutafuta pesa ya sare na daftari ni jukumu lako. Mtoto aliyejibiwa hivyo hupumua.

Hapa mpaka haulegezwi hata kidogo. Shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2013 iliyohusu pia machimbo ya Geita na Shinyanga, lilikuta watoto wa umri mdogo hadi miaka minane wakifanya kazi katika uchimbaji mdogo wa dhahabu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumia mtoto katika kazi hatarishi, na uchimbaji wa madini umetajwa humo. Kwa hiyo:

- Mtoto asikanyage kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, liwe linachimbwa au limeachwa. Mashimo yaliyoachwa hujaa maji wakati wa mvua na kingo zake humeguka.
- Asikae karibu na karasha. Vumbi la mawe huharibu mapafu.
- Asiguse zebaki wala asisogelee inapochomwa. Mchenjuaji huichanganya na mchanga ili ishike dhahabu, kisha huichoma. Zebaki hugeuka mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauonekani wala hausikiki kwa pua, na huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Mtoto mdogo na mtoto aliye tumboni ndio wanaoumia zaidi.
- Usichome zebaki jikoni au chumbani, na usiilete nyumbani kwenye chupa. Nguo za kazi za mwalo, yaani mahali pa kuchenjulia dhahabu, zifuliwe peke yake, mbali na za watoto.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwetu ulimwengu huo uko umbali wa kutembea kwa mguu, na ada yake ni afya ya mtoto.

Mpe kilicho salama badala ya ulichokataza

Kukataza peke yake huzidisha hamu. Kama mtoto anataka kujua dhahabu inavyotenganishwa na mchanga, mfundishe kwa karai.

Chukua mchanga wa ujenzi, au ule unaokusanywa na maji ya mvua kando ya barabara. Usichukue wa mwaloni wala marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa, kwa sababu huenda una zebaki. Weka viganja viwili vya mchanga kwenye karai, ongeza nati ndogo chache au vipande vya misumari, mimina maji, kisha umwachie mtoto azungushe karai taratibu na kumwaga maji kidogo kidogo. Mchanga mwepesi utatoka na maji, chuma kitabaki chini. Usimwambie mapema. Mwache aone, kisha muulize: "Kwa nini hiki kimebaki?" Akijibu kwa sababu ni kikubwa, mpe kokoto kubwa kidogo kuliko nati ajaribu tena. Akiona kokoto inasukumwa na maji kuliko nati, amefika mwenyewe mlangoni mwa somo la uzito na ujazo, na atakapolikuta darasani halitakuwa geni.

Kama kuna redio mbovu ndani, mtolee sumaku ya spika. Aifunge kwenye mfuko wa plastiki, aipitishe kwenye mchanga mkavu. Punje nyeusi zitanasa. Ni madini ya chuma, na wachimbaji wanayafahamu kwa sababu hubaki pamoja na dhahabu chini ya karai. Sasa ana maswali mapya: mbona dhahabu hainasi? Mbona sufuria ya alumini hainasi? Mwache azunguke nyumba nzima akijaribu, aandike orodha mbili kwenye daftari: vinavyonasa na visivyonasa. Hapo amefanya sayansi na kuandika kwa pamoja, na wewe umechangia sumaku na nusu saa tu.

Mizani ya dhahabu nayo ina somo. Tangu masoko ya madini yalipoanzishwa mwaka 2019, Geita ikiwa miongoni mwa ya kwanza, watu wamezoea kusoma gramu na sehemu zake kwenye mizani za kidijitali. Mtoto anayehangaika na desimali anaweza kuelewa kwako, kwa tarakimu tu, tofauti ya gramu 0.8 na gramu 0.08 na kwa nini nukta ikikosewa mtu hupata hasara kubwa.

Swali moja, wiki nzima

Si lazima umjibu mtoto papo hapo. Akiuliza, "Mama, maji ya bomba yanatoka wapi?" jibu kwanza kwa swali: "Wewe unadhani yanatoka wapi?" Sikiliza hadi mwisho hata kama jibu ni la kuchekesha. Kisha mfuatilie pamoja.

Siku ya kwanza, fuateni bomba kutoka kioskini hadi mnapoweza kuliona. Siku ya pili, muulizeni fundi au mhudumu wa mamlaka ya maji. Mtasikia kwamba maji yanayofika Shinyanga na Kahama huvutwa kutoka Ziwa Victoria, kwenye chanzo cha Ihelele wilayani Misungwi, katika mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Siku ya tatu, tafuteni Ihelele kwenye ramani na mtoto achore njia ya maji. Siku ya nne, muulizeni bibi maji yalipatikana wapi alipokuwa msichana, na aliamka saa ngapi kuyafuata. Siku ya tano, mtoto amsimulie baba yote kwa mpangilio, mwanzo hadi mwisho.

Mtoto ameongoza, maana swali ni lake. Wewe umepanga hatua. Jiografia, historia, kuchora na kujieleza vimeingia bila kutangazwa kuwa ni vipindi. Na usipojua jibu, sema: "Sijui, tukaulize." Sentensi hiyo haikupunguzii heshima. Inamfundisha kwamba mtu mzima naye hutafuta.

KKK: hapa uongoze wewe

Wapo wanaosema mtoto atajifunza kusoma atakapotaka. Katika nyumba iliyojaa vitabu huenda ikawa. Katika nyumba zetu, ambako maandishi pekee yaweza kuwa ni ya kalenda na mfuko wa saruji, kusubiri ni kumchelewesha. Tenga dakika ishirini kila siku, wakati uleule, kabla giza halijaingia au taa ya sola haijaisha chaji.

Jua kwanza amefika wapi. Tathmini za Uwezo, zilizoanza nchini mwaka 2010, ziliwafuata watoto majumbani na kuwapima kwa ngazi za kiwango cha darasa la pili: silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi yenye maswali. Nawe unaweza kufanya hivyo. Mpe silabi tano, akizisoma panda kwenye maneno, kisha aya fupi. Pale anapokwama ndipo pa kuanzia kesho. Usitazame yuko darasa gani. Tazama anasoma nini.

Ngazi unaipanga wewe, maneno achague mtoto. Anayependa ng'ombe aandike "ng'ombe, ndama, maziwa, mkia". Anayependa mpira aandike majina ya wachezaji. Hesabu iingie kwenye isolo, bao letu la Kisukuma: chimbeni mashimo ardhini, mtumie kokoto, na kabla hajacheza muulize, "Ukianzia shimo hili, kete ya mwisho itaangukia wapi?" Atahesabu bila kulalamika.

Kama hujui kusoma, kaa naye akusomee kwa sauti, kisha muulize hadithi ilihusu nini. Asipoweza kueleza, arudie. Kwa mwenye simu, vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye maktaba mtandao yake, na Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza mwaka 2014, kinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Shika simu wewe, mtoto achague kipindi, na kikiisha mzungumzie mlichokiona.

Kuhusu lugha: kama nyumbani mnaongea Kisukuma, endeleeni. Mtoto anayeeleza mawazo yake vizuri kwa Kisukuma atayahamishia kwenye Kiswahili. Mwambie hadithi kwa Kisukuma, kisha mwombe akueleze kwa Kiswahili. Usimcheke anapochanganya.

Kazi ya mafunzo na kazi ya kuchosha

Msimu wa pamba, kuanika michembe, kuchunga na kuchota maji ni sehemu ya maisha, na mtoto anapaswa kushiriki. Kipimo ni hiki: kazi ikiisha, mtoto ana jambo jipya la kueleza, au ana uchovu tu? Ukienda naye chama cha ushirika kuuza pamba, mpe daftari. Asome mizani, aandike kilo, atoe uzito wa gunia, azidishe kwa bei iliyobandikwa ukutani, kisha alinganishe na risiti. Hiyo ni kazi yenye somo. Kumweka porini na ng'ombe kutwa, siku za shule, si somo.

Angalia pia mgawanyo kati ya wasichana na wavulana. Nyumba nyingi humpa mvulana muda wa kuuliza na msichana ndoo ya kubeba. Swali la binti lina thamani ileile. Mpe naye karai na sumaku, na kaka yake apokee zamu ya vyombo.

Legeza kadiri anavyokua

Miaka 3 hadi 6: acha acheze sana. Mpangie mazingira salama, msimulie hadithi, hesabuni vitu pamoja. Usimshikishe kalamu kwa viboko.

Miaka 7 hadi 10: dakika ishirini za KKK ni zako, sehemu iliyobaki ya jioni ichaguliwe na mtoto.

Miaka 11 hadi 14: kaeni kila Jumapili mpange wiki. Yeye apendekeze, wewe uulize maswali. Mpe shughuli ya kusimamia, kama kuku watatu au tuta la mchicha, aandike matumizi na mapato. Akikosea hesabu, mwache aone matokeo, maana hasara ya mchicha haimuumizi mtu. Umri huu ndio machimbo huita kwa nguvu, hivyo mpaka wa usalama ubaki imara hata kama mengine umeyaachia.

Akikataa

Akikataa kujifunza, chunguza kabla ya kuadhibu. Je, ana njaa? Haoni vizuri? Amechekwa shuleni? Ngazi uliyompa ni kubwa mno? Punguza hadi dakika tano, rudi kwenye anachokipenda, kisha panda tena. Likihusu usalama, hakuna kupunguza: rudia sharti kwa sauti ya kawaida, na ulitimize. Baba na mama muwe na kauli moja. Mtoto anayesikia "hapana" ya mama na "mwache" ya baba hujifunza kutafuta mwanya, si maarifa.

Jirani naye ahusishwe. Kubalianeni wazazi wa mtaa kwamba mtoto yeyote akionekana mwaloni saa za shule atarudishwa nyumbani, awe wa nani. Mpaka unaolindwa na kaya moja huvunjwa kirahisi. Unaolindwa na mtaa mzima husimama.

Anza leo jioni. Muulize mwanao swali moja tu: "Leo umeona nini ambacho hujakielewa?" Kisha nyamaza umsikilize. Ulinde mwili wake, umpe kusoma na kuhesabu bila kukosa, na mengine umwache akuongoze. Dhahabu ya Geita itakwisha siku moja, kama machimbo ya Buzwagi pale Kahama yalivyofikia mwisho. Mtoto anayejua kuuliza, kusoma na kujilinda ataendelea kuishi vizuri migodi ikishafungwa.